Makato

Ghalani kwa chama, Ussoke, juu ya meza ya kupimia tumbaku,
wakili kutoka mjini alitandaza karatasi tatu
akazikandamiza kwa jiwe la mizani la kilo tano,
maana upepo wa Agosti hauheshimu mkataba.

Akasema, chagueni.
Ya kwanza, shilingi ishirini kwa kila kilo:
nakufuata kituoni usiku uleule,
mkono wako ukinuka baruti bado.
Ya pili, kumi na mbili:
unajigharamia kwanza, ukishinda unarudishiwa.
Ya tatu ilikuwa rahisi mno,
hata yeye aliifunika kwa kiwiko.

Mimi ndiye mweka hazina. Kalamu ilikuwa kwangu.
Na kwangu, juu ya kabati, lipo gobole la marehemu,
kibali kina jina lake, langu halimo.
Nikauliza: mtu akivunja mlango, nikafyatua mimi,
karatasi hii inamjua nani?
Wakili akafungua kifuniko cha kalamu yake, akakifunga.
"Kwanza, mama, ukabadilishe kibali."

Kule nyuma Bi Kabula akadakia: na panga je?
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
"Mwenye gobole apewe wakili,
mwenye panga aachiwe Mungu, sivyo?"

Ndipo Mihambo akasimama, yeye aliyetoka Uyui mwezi wa nne.
Miezi kumi na minne kwa mlio mmoja.
Kesi ya mauaji haina dhamana, alisema, msidanganyane,
hakuna karatasi inayolipia kulala kule.
Aliuza maksai wanne, baiskeli, mabati ya bani,
na wakili wake wa kwanza, mbele ya jaji,
akamwita kwa jina la mshitakiwa mwingine.
"Chukueni ya kwanza.
Hiyo ya kurudishiwa ni ya mwenye ng'ombe wengi.
Nilishinda, ndiyo.
Maksai walikuwa wameshalimia watu wengine misimu miwili."

Hakumtazama Nyanzala.
Hakuna aliyemtazama Nyanzala,
aliyekaa juu ya robota, mwanachama namba arobaini na moja,
kilo mia sita mwaka huu, majani ya daraja la juu.
Mwanawe ndiye aliyekuwa mlangoni mwa bani usiku ule.
Wapo wasemao alifuata tumbaku.
Wapo wasemao alifuata joto tu,
mvua ilimkuta njiani na ndani moto ulikuwa ukiwaka.
Jaji alisema Mihambo aende nyumbani.
Kijana alifuata nini, hilo hakulisema.

Nilipiga hesabu nimeinamisha kichwa.
Mia sita mara ishirini.
Elfu kumi na mbili za Nyanzala
kumwekea wakili mtu ambaye mwakani
atasikia jani likikanyagwa gizani.
Nikazipiga tena, kana kwamba zingetoka tofauti.

Akanyanyuka. Akaja mpaka mezani,
akaweka kidole kwenye mstari wake wa daftari
kama anayemwonyesha nesi mahali panapouma.
"Nikate," alisema.
"Ila andika na tochi.
Kila bani tochi moja, ya betri nne.
Na betri zisiwe za mwaka jana."

Wakili akasema hilo halimo kwenye mkataba.
Nikaliandika pembeni, herufi za kubanana,
zikapanda hadi kwenye muhuri.

Mikono ikahesabiwa: ya kwanza hamsini na tatu, ya pili tisa.
Bi Kabula hakunyoosha kokote.
Mihambo alinyoosha, kisha akautazama mkono wake
ukiwa bado juu, wenzake wameshashusha.

Usiku nilishusha gobole, nikalifuta vumbi,
nikalirudisha bila kulishindilia.
Asubuhi nikaenda dukani kwa Msabila.
Betri zimepanda bei.
Nikanunua nne.